Kipimo cha Mkono Unaouma: Jibu kwa Msomaji wa Tanga

Swali: Mimi ni mwanamke wa Tanga. Ninaimba katika kikundi cha taarabu, na nyumbani nadarizi foronya na kofia za mkono kwa ajili ya kuuza. Kwa miaka kadhaa sasa ninaumwa baridi yabisi ya vidole na viganja. Ninatamani kutengeneza kazi moja yenye nyimbo na vitambaa pamoja, itokayo katika maumivu haya. Je, maumivu hugeuka sanaa kweli, au ni maneno ya kupozana? Nianzie wapi ili wimbo usiwe pambo la kitambaa, wala kitambaa kisiwe pazia la jukwaa? Na je, watu waambiwe kwamba kazi imetokana na ugonjwa?

Jibu: Dada yangu, nianze na swali lako la kwanza, kwa kuwa mengine mawili yanalitegemea. Maumivu yatabaki mwilini hata kazi ikikamilika na kupigiwa makofi, na anayekuahidi vinginevyo anakupoza. Hata hivyo, maumivu hufanya jambo moja ambalo msanii anaweza kulitumia: hubadilisha kipimo cha kazi. Huamua utakaa kitini kwa muda gani, utavuta uzi wa urefu gani, utashika sindano ya unene gani, na utaimba maneno mangapi kabla ya kuhitaji kuvuta pumzi. Msanii anayekipokea kipimo hicho na kujenga juu yake hupata kazi isiyofanana na ya mtu mwingine. Anayejaribu kuyachora maumivu yenyewe mara nyingi huishia kwenye kitambaa chekundu na wimbo wa kilio, ambavyo hata mtu mzima wa afya angeweza kuvitunga kwa kubahatisha.

Mfano ninaoujua uliokaribia zaidi kile unachokitamani ni wa Violeta Parra wa Chile. Alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1917 kusini mwa nchi hiyo; baba yake alikuwa mwalimu wa muziki na mama yake alikuwa mshonaji, kwa hiyo sauti na sindano zote alizikuta nyumbani. Akiwa mtoto aliugua ndui, ikamwachia makovu usoni. Alipokuwa mtu mzima alizunguka vijijini akikusanya nyimbo za wakulima kutoka kwa wazee waliozihifadhi vichwani, akajulikana nchini kwa gitaa lake na kwa sauti kavu isiyo na madoido. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 alishikwa na homa ya ini iliyomlaza kitandani kwa miezi mingi. Kusafiri kukakoma, na kukusanya nyimbo kukakoma. Kilichokuwa karibu na kitanda kilikuwa nyuzi za sufu na kipande cha kitambaa, naye akaanza kudarizi bila kuwa amefundishwa kazi hiyo.

Miaka michache baadaye, akihojiwa na televisheni ya Uswisi, alisimulia jinsi darizi yake ya mwanzo ilivyokwenda. Alitaka kushona ua, lakini alipomaliza akaona ametokeza chupa. Akaamua kuitia chupa kizibo, na kizibo kikaonekana kama kichwa. Basi akakitia macho, pua na mdomo, na chupa ikawa mwanamke mcha Mungu anayekwenda kanisani kila siku. Ninaomba usome tena mlolongo huo taratibu, maana ndani yake mna mbinu nzima ya kazi. Mkono ulishindwa kutii mpango, na mwenye mkono hakufumua. Aliuliza kilichotokea kinafanana na nini, akaendelea kutoka pale. Baadaye alizoea kushona bila kuchora kwanza, akijaza gunia kidogo kidogo kadiri umbo lilivyojitokeza. Wewe uliyefundishwa kofia, ambapo tundu moja likikosea safu yote inaharibika, utaona ugumu kuukubali utaratibu huo, lakini kwa vidole vinavyobadilika hali kati ya asubuhi na jioni ndio utaratibu unaowezekana.

Darizi hizo, ambazo kwao huitwa arpillera kwa jina la kitambaa cha gunia chenyewe, zilimfikisha mbali. Mwaka 1964 zilitundikwa Paris katika Jumba la Makumbusho la Sanaa za Mapambo, lililo ndani ya jengo la Louvre, na Parra akawa msanii wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini kupewa maonyesho ya peke yake mahali pale. Ukizitazama utaona sarakasi, vita vya majini, Kristo msalabani, na watu wenye magitaa. Kitanda cha mgonjwa hukikuti. Katika darizi moja ya mwaka 1962 inayopinga vita, alijiweka mwenyewe miongoni mwa wapenda amani kwa rangi ya urujuani, rangi yenye jina lake (kwa Kihispania huitwa violeta), na kwa kila mmoja wao akashona ua linalosimama badala ya roho yake. Homa ya ini haionekani popote, na bila homa ya ini hakuna hata uzi mmoja ambao ungeshonwa.

Upande wa muziki alifanya jambo linaloonekana kuwa kinyume. Ana utungo mrefu wa gitaa na sauti, alioupa jina la mwewe, ambao aliutunga katika miaka hiyohiyo na kutaka siku moja uchezwe kama ngoma ya jukwaani. Alisema redioni kwamba wimbo ule hauwezi kuimbwa na sauti iliyosomeshwa chuoni, kwa sababu uchungu unataka sauti iliyoteseka kama yake. Dai hilo mimi nalikubali nusu tu, kwa kuwa mateso peke yake hayamfundishi mtu kushika gitaa. Lakini sikiliza anachokifanya: jina la ndege analikatakata silabi, analirudia hadi linapoteza sura ya neno, na gitaa linagonga sauti zisizopatana badala ya kumfariji mwimbaji. Uchungu umeingia katika ujenzi wa wimbo, katika mahali pa kukatia neno na mahali pa kukataa kutulia. Msikilizaji asiyejua neno moja la Kihispania anausikia.

Kuna jambo lingine la Parra ambalo sitalificha, kwa sababu wanaomsifu mara nyingi hulipita haraka. Tarehe 5 Februari 1967, baada ya kutoa nyimbo zilizo miongoni mwa nzuri kuliko zote za bara lake, alijiua. Sanaa yake haikutosha kumlinda, na haikuwa haki kuitaka imlinde. Usiipe kazi yako mzigo ambao ni wa daktari na wa watu wako wa karibu. Ukiona maumivu yanakunyima usingizi mfululizo na moyo unakata tamaa ya kuishi, hilo lisemwe kliniki na lisemwe nyumbani siku hiyohiyo, kabla halijatafutiwa wimbo.

Mfano wa pili nitauleta kwa sababu unahusu mkono kama wako. Paul Klee, mchoraji aliyekulia Bern, Uswisi, alipiga fidla tangu utotoni, na mwishoni mwa miaka ya 1920 aliwafundisha kanuni za umbo wanafunzi wa karakana ya ufumaji katika chuo cha Bauhaus, Ujerumani. Mwaka 1935 aliugua maradhi ambayo madaktari wa baadaye, kwa kusoma dalili zake, wameyatambua kuwa skleroderma, ugonjwa unaokakamaza ngozi na kuathiri hata viungo vya ndani. Mwaka 1936 alitengeneza kazi zipatazo 25 tu. Mwaka 1939, akiwa mgonjwa zaidi, alitengeneza zaidi ya 1,200. Tofauti ilikuwa katika namna ya kufanya kazi: mistari myembamba kama unywele iliyomjulisha zamani iliacha nafasi kwa mistari minene, michache, myeusi, inayopigwa kwa mkono mzima, na baadhi ya picha zake kubwa za wakati huo amezifanya juu ya karatasi ya gazeti iliyobandikwa kwenye gunia. Hakujaribu kuiga ustadi wake wa zamani kwa mkono mpya. Alifariki mwezi Juni 1940.

Wala huhitaji kuvuka bahari kutafuta mwanamke aliyetunga akiwa mgonjwa. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, pwani ya Kenya, alitunga utendi wake kwa binti yake Mwana Hashima mnamo mwaka 1858, na akafariki yapata miaka miwili baadaye. Mwanzoni anasema kwa maneno machache kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, kisha anamwita binti asogee na wino na karatasi, na kuanzia hapo anaingia katika wosia; ugonjwa anaurudia kwenye dua za mwisho. Tazama pia bahari, yaani aina ya utungo, aliyoichagua. Kipande cha utendi kina mizani 8, yaani silabi 8, na vipande vinne hukamilisha ubeti. Mgonjwa anaweza kusema kipande kimoja kwa pumzi moja, akatulia, akasema kingine, na pale anapoishia ubeti umekaa sawa. Mshororo wa shairi wenye mizani 16 unadai pumzi ndefu zaidi na subira zaidi. Sidai kwamba aliichagua bahari hiyo kwa sababu ya kuugua, kwani nyaraka nyingi za nasaha zilitungwa hivyo. Ninachosema ni kwamba kipimo hicho kinamstahimili mgonjwa, nawe unaweza kukitumia kwa sababu hiyo.

Kabla ya kufika kwenye kazi yako, niseme machache ya kitabibu. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba taarifa za maumivu haziendi moja kwa moja kutoka kidoleni hadi kwenye ubongo. Katika uti wa mgongo kuna mfano wa lango linaloweza kufunguka zaidi au kufungwa kidogo, kutegemea miguso mingine ya mwili na amri zitokazo kwenye ubongo. Maelezo hayo yamerekebishwa sana tangu hapo, lakini wazo la msingi limebaki: umakini, hofu na hali ya moyo hubadilisha kiasi cha maumivu tunachokisikia. Mapitio ya mwaka 2015 yaliyokusanya majaribio 73 ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji yalionyesha kwamba kusikiliza muziki hupunguza maumivu, wasiwasi na hata dawa za maumivu wanazozihitaji. Maumivu ya kidonda kipya, hata hivyo, si sawa na ya viungo vilivyouma kwa miaka. Basi tarajia nafuu ya kiasi, usiache dawa ulizoandikiwa, na kiungo kikivimba na kuwa cha moto, weka sindano chini uende ukatazamwe.

Kuna hatari moja ambayo wanaoisifu sanaa kama tiba huisahau. Kazi inayokuzamisha inakusahaulisha mkono, na mkono uliosahaulika hufanya kazi kupita kiasi. Saa mbili za kudarizi bila kusikia chochote zinaweza kulipwa kwa siku mbili za kushindwa kufunga kifungo. Kwa sababu hiyo unahitaji saa ya kukusimamisha, na hapa ndipo ninapofika kwenye swali lako la pili, kwa kuwa saa yako tayari unayo: ni wimbo.

Ninakushauri ufanye hivi. Chagua au tunga wimbo mmoja ambao kwa mwendo wako hauchukui zaidi ya dakika kumi au kumi na tano. Ushone ukiuimba, kwa sauti ya chini ikibidi, na wimbo ukiisha sindano iwekwe chini hata kama upo katikati ya jani. Kipande kilichoshonwa katika uimbaji mmoja kiwe na mpaka unaoonekana, kwa mfano kwa kubadili rangi ya uzi au kwa kuacha upana wa kidole bila mshono. Siku ambayo vidole vimekubali, kipande kitakuwa kikubwa. Siku ambayo vimekataa, kitakuwa na mishono mitano. Baada ya miezi kadhaa utakuwa na kitambaa ambacho ndani yake wimbo umehesabiwa, na atakayekisoma kutoka pembe moja hadi nyingine ataona muda wako bila kuonyeshwa picha ya mkono uliovimba. Kwa njia hiyo wimbo hauwezi kuwa pambo la kitambaa, kwa kuwa ndio uliokikata vipimo.

Njia ya kurudi nayo iwepo, kutoka kitambaani kwenda kwenye wimbo. Hospitali hukuuliza maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10. Nambari hiyo ni chombo kizuri cha daktari lakini ni maskini kwa mtunzi. Melzack huyohuyo alichapisha mwaka 1975 dodoso lenye maneno 78 ya kueleza maumivu, yakiwa katika makundi 20, kwa kuwa aliona wagonjwa wanahitaji zaidi ya kiasi. Wanahitaji kusema yana tabia gani. Kiswahili chako kina hazina yake. Kupwita kuna mapigo, na mapigo hayo mara nyingi hayalingani na mapigo ya ngoma. Mpe mpiga ngoma ya dumbaki mdundo wa kidole chako jinsi ulivyo, asiusawazishe, uone wimbo utavutana naye vipi. Kuwanga hakuna mapigo, kunakaa tu, na fidla inaweza kuishika sauti moja chini ya ubeti mzima hadi msikilizaji atamani iachiwe. Kuchoma huja na kuondoka bila taarifa, na kitambaani ni fundo moja lililoinuka mahali ambapo jicho halikulitarajia. Ganzi ni gunia lililoachwa tupu, na kwenye wimbo ni ala zote kunyamaza wakati mwimbaji bado amefungua mdomo. Yajaribu haya kwa masikio na kwa macho, kisha utupe yanayosikika kama maigizo. Mengine yatasikika hivyo, hasa mwanzoni.

Kuhusu vifaa nitakuwa mkali kidogo. Kazi ya kofia, yenye matobo madogo yanayozungushiwa uzi mmoja mmoja, inabana ncha za kidole gumba na cha shahada kwa nguvu muda wote, na kwa baridi yabisi ni vigumu kupata kazi mbaya zaidi. Usiilete ndani ya kazi hii. Tumia kitambaa kilichofumwa kwa ulegevu ili sindano ipite katikati ya nyuzi bila kusukumwa na kidole gumba. Wewe upo Tanga na utashawishika kutumia mkonge kwa heshima ya mji. Ninauelewa mvuto huo, lakini mkonge ni mgumu na unakwaruza, kwa hiyo uweke kwenye kingo au kwenye vishada vya kuning'inia, na darizi yenyewe uifanye juu ya gunia la juti lililolowekwa, kufuliwa na kuanikwa hadi limelainika. Sindano iwe nene, yenye tundu kubwa na ncha butu, na ishikwe kwa kipande cha kitambaa au mpira ili kiganja chote kisaidie vidole. Uzi wa sufu mnene hujaza eneo kubwa kwa mishono michache. Kitambaa usikishikilie kwa mkono wa kushoto. Kitandazwe kwenye fremu iliyoegemezwa mezani, ili mkono huo upumzike au upokezane na wa kulia. Na kama ukakamavu wako ni wa asubuhi, kama ilivyo kwa wengi wenye maradhi haya, usianze kabla mikono haijapata maji ya uvuguvugu na saa moja au mbili za kuchangamka.

Mshono uwe mmoja au miwili tu. Mshono wa mnyororo utakutosha kwa mistari, na mshono wa kujaza kwa maeneo mapana. Ufundi wako wa mishono kumi na tano utalalamika, nami sitaki uudharau, lakini katika kazi hii macho ya mtazamaji yanapaswa kufuata tofauti za siku, na mishono mingi itazificha tofauti hizo.

Siku ya kuionyesha, kitambaa kisiwe nyuma ya kikundi. Kitundikwe pembeni, usawa wa macho, mahali ambapo watu wanaweza kukisogelea na kuona sindano ilipoishia, na uimbe ukiwa umesimama karibu nacho, ukifuata vipande kwa mpangilio uleule ulioshonwa. Pale ambapo kipande kilikatika katikati ya jani, ubeti nao ukatike. Wanakikundi wenzako watakuuliza kama umesahau maneno, na itakubidi uwaeleze mapema, kwa kuwa mpiga kinanda aliyezoea kumwokoa mwimbaji atakimbilia kuziba pengo hilo kwa madoido, na pengo likizibwa kazi imevunjika.

Sasa kuhusu kuwaambia watu. Unaogopa, kama ninavyoelewa, kuitwa yule mgonjwa, na hofu hiyo ina msingi, maana huruma ikishatangulia watu huacha kusikiliza. Kwa upande mwingine, ukificha kabisa, vipande vyenye mishono mitano vitadhaniwa kuwa uvivu au kutokujua. Ningeandika maelezo mafupi kwenye karatasi iliyo kando ya kitambaa kwa mpangilio huu: jina la kazi, vifaa, muda uliotumika, kisha sentensi moja isemayo kwamba kila kipande kilishonwa katika uimbaji mmoja wa wimbo utakaosikika, na mshonaji ana baridi yabisi ya mikono. Maneno hayo yanampa mtazamaji ufunguo wa kuisoma kazi na hayamwombi chochote. Jukwaani usiyarudie. Akija mtu baada ya onyesho kukuuliza unaendeleaje na mikono, mjibu kama unavyomjibu jirani. Akikuuliza bei, itaje bila kuipunguza kwa sababu ya vipande vidogo, kwa kuwa vile vya mishono mitano ndivyo vilivyokugharimu zaidi.